Mstari Unaotetemeka

Fundi,

Nakuandikia nikiwa ndani ya stoo yetu hapa Kitengela, mlango nimeufunga kwa komeo. Usicheke. Tangu ufe nimekuwa mtu wa kufunga milango. Ulipokuwa hai watu walipita hapa wakitaka bango la saluni au la bucha, wakaeleza shida yao, wakaenda. Siku hizi wanakuja "kusalimia tu," na wakisalimia macho yao yanaruka bega langu kwenda kwenye zile mbao zako nilizozifunika kwa magunia. Salamu gani hiyo ya kunyoosha shingo? Nimewauliza wengine hivyo hivyo, na sasa mtaani nasemwa kuwa Consolata amekuwa mkali kama pilipili.

Jina lako sitaliandika. Mama yako alinikataza siku ya mazishi kule Bissil, nilipoliita kwa sauti kama tunavyomlilia mtu kwetu Vihiga. Alinishika mkono akaniambia, "Wacha. Mwenye amelala haitwi." Kwetu marehemu anaitwa mpaka watu wa kilima cha pili wasikie. Kwenu jina linazikwa pamoja na mwenyewe. Sikubisha, nilikuwa mgeni. Lakini nimekuja kuona kwamba wenye mtu wakinyamaza, mgeni anasema anavyotaka. Na mgeni amesema, Fundi, tena kwa karatasi iliyochapwa. Ndiyo maana leo nimeketi hapa na kalamu.

Ngoja kwanza nikupe habari za mji, maana najua ungeniuliza. Kitengela huwezi kuijua. Pale tulipokuwa tunaona pundamilia ukiwa juu ya ngazi, sasa ni ploti na mawe ya mipaka, na nyumba za ghorofa zinaota. Mabango yanachapwa na mashine Nairobi, yanaletwa yamekunjwa kama mkeka. Herufi zimenyooka, sikatai, lakini ng'ombe wao ana uso wa mbwa. Nikimwona nakumbuka ng'ombe uliyemchora kwenye ukuta wa bucha kule Isinya. Mzee mmoja alikuja akasimama mbele ya ukuta, akaangalia rangi, akaangalia pembe, akaangalia masikio yalivyokatwa alama, kisha akamgeukia mwenye bucha: "Huyu ng'ombe yangu ulinunua kwa nani?" Mimi nikacheka. Kumbe mzee hakuwa na mzaha hata kidogo. Ilibidi upande ngazi tena ubadilishe sikio la kushoto ili mwenye bucha aachwe kwa amani.

Nilikuja kwako miaka ile ya tisini, nimemaliza kozi ya taipu na hakuna ofisi iliyonitaka. Baba alikuwa kiwanda cha saruji, tumepanga vyumba viwili, na mtu mzima wa miaka ishirini na nne hawezi kukaa nyumbani akihesabu mabati. Juma la kwanza tu uliniambia, bila kuzungusha maneno, "Mimi niko na ugonjwa ya kichwa. Nikianza kuongea na watu wenye hauoni, ita mama yangu. Usiite polisi." Nilidhani ni mzaha wa fundi kwa mgeni. Baadaye ukanieleza habari za ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yako wote, wewe ukiwa ndiye unayewachunga, na jinsi ulivyoanza kuwasikia wakilia upande ambao hakukuwa na ng'ombe. Uliyasema hayo huku ukikoroga rangi ya bluu, kama unasimulia habari za mtu mwingine.

Kidonge cha kliniki ya Kajiado kiliwanyamazisha. Ukikimeza ulilala vizuri, ulikula, uliuliza habari za mama yangu. Lakini mkono wako wa kulia ulitetemeka, na fundi wa mabango ni mkono. Herufi O ya mtu anayetetemeka haifungi. Kwa hivyo siku za kazi uliacha kumeza. Mkono ukatulia, na watu wakasifu kwamba hakuna anayepiga mstari kama wewe kuanzia Athi River mpaka Namanga.

Halafu akaja Madam Lydia.

Unakumbuka alivyoingia na viatu vyake vyeupe kwenye ule udongo mweusi, mvua ilikuwa imenyesha. Alitaka bango la duka lake la sanaa Nairobi. Akaona ule ubao wa ng'ombe saba waliolala, ule uliouegemeza nyuma ya mlango kwa sababu hukuuona kuwa kazi, ni mabaki ya plaiwudi tu. Alishika kifua. "Huu mstari unalia," akasema. Akauliza kama uliuchora ukiwa mgonjwa. Wewe na ulimi wako ukamjibu, "Madam, mimi niko mgonjwa siku zote," na jibu hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Mimi nilijua mkono wako unatetemeka kwa nini. Lakini yule ni mtu aliyesoma, amesafiri, anaongea akiwa na uhakika. Nikajiambia labda kuna mtetemeko wa dawa na mtetemeko wa sanaa, na mimi wa taipu nitatofautishaje? Kuanzia hapo kila alipokuja aliniuliza pembeni, "Siku hizi ako aje?" Nikisema uko poa, uso wake ulishuka kidogo. Kidogo tu, lakini niliona. Nikisema umeanza kusikia sauti, alikaza macho na kuuliza, "Na anachora?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuletea blanketi wakati wa baridi ya Julai. Kwenye mazishi alilia mpaka akashikwa mkono na wanawake wa Bissil, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikiyachunguza machozi yake.

Kwa kifo chako nilimshuku yeye kuliko wote. Nilimshuku pia dereva wa lori lililokugonga, aliyesema uliingia barabarani umeinua mkono kama mtu anayesimamisha magari ili kundi livuke. Nilimshuku daktari kwa kutoa dawa inayomnyang'anya mtu mkono wake. Hata mchungaji wetu nilimshuku, aliyenipa pole haraka haraka kisha akauliza kama ulikuwa umeokoka. Miaka mitatu nimeishi hivyo. Ukimshuku kila mtu hupati muda wa kujiangalia.

Sasa nikuambie kilichotokea mwaka huu, na keti vizuri huko uliko.

Naserian wako ameanza. Ana miaka kumi na minane, na amefanana na wewe mpaka kwa namna ya kusimama na mguu mmoja. Mwaka jana alitoka shule akiwa kidato cha tatu, akasema madawati yanamwongelea. Koko, mama yako, alimpeleka kliniki mwenyewe, kwa sababu safari hii alijua anachokiona. Wakampa kidonge kile kile chako. Na Naserian anakificha chini ya ulimi. Koko akigeuka, msichana anatoka nje na kukitema nyuma ya zizi. Niligundua nilipowatembelea Bissil, kwa sababu kuku mmoja aliyekidonoa alilala siku mbili.

Nilipomuuliza alinijibu bila woga. "Aunty Consi, si Baba pia alikataa? Na ndio akachora hizo zote. Mimi naona rangi zenye hamuoni. Nikimeza zinaenda." Akatoa karatasi kwenye Biblia yake. Ni karatasi ya maonyesho ya Madam Lydia, yaliyofanyika Nairobi mwezi uliopita. Jina lako limeandikwa juu kwa herufi kubwa, na chini yake kwamba wewe ni msanii aliyekataa dawa ili asipoteze maono yake, na kwamba kila mstari unaotetemeka ni uchungu wa akili iliyoachwa huru.

Koko hajui kusoma. Alipoambiwa karatasi ina jina lako aliomba iondolewe nyumbani, na Naserian akaificha. Fikiria, Fundi. Mtoto aliyefiwa na baba yake ana miaka kumi na mitano, hajasikia mtu nyumbani akimtaja tangu siku hiyo, halafu anapata karatasi moja inayomwambia baba yake alikuwa nani. Hata mimi ningeiamini.

Nilirudi Kitengela nimejaa hasira na Madam, na nilikuta ameacha ujumbe kwa jirani kwamba atatuma gari kuchukua mbao zilizobaki. Nikaingia stoo kuzipanga kabla mtu wake hajazigusa. Ndipo nilipozigeuza.

Nyuma uliandika, kama ulivyonifundisha, siku na rangi ulizochanganya, ili bango likipauka ujue ulitia nini. Hilo nililijua. Nilichokuwa sikijui ni kile kiduara cha penseli kwenye kona ya chini. Kwenye mbao nyingine kilikuwa kimejazwa weusi, kwenye nyingine kilikuwa kitupu. Nilidhani ni alama yako na Madam, nikazidi kuwashuku nyote wawili. Nikaleta vipande vya sampuli, vile vidogo ulivyomwonyesha mteja kabla ya kupanda ukutani. Vyote vilikuwa na kiduara kitupu, bucha ya Isinya, saluni, kanisa la karibu na stendi. Nikachukua kitabu cha kazi nilichokuwa nikiandika mimi, nikalinganisha siku kwa siku, mpaka shingo ikauma. Kila siku ya herufi, kitupu. Na zile mbao zako mwenyewe zenye mistari inayotetemeka, ng'ombe saba, mwanamke na dumu, mti uliokatwa, zote zimejazwa.

Ulikuwa unaandika kama umemeza au hujameza.

Nilishuku macho yangu, nikashuku hata penseli. Kisha nikakumbuka siku ya ng'ombe saba. Ulimeza mbele yangu na chai ya rangi. Ulikula chapati mbili, ukanitania kwamba nitaolewa na mwuza mbuzi wa Bissil anayenuka vizuri kuliko wachumba wangu wa kanisani. Hatukuwa na kazi siku hiyo, na hukuweza kuandika herufi, kwa hivyo ulivuta ubao wa mabaki ukaanza kuwachora wale ng'ombe wa baba yako, polepole, mkono ukicheza. Ulikuwa mzima, Fundi. Ulikuwa unawakumbuka ukiwa mzima, bila wao kukulilia sikioni, na ndiyo maana uliweza kuwalaza chini mmoja mmoja. Uchungu ulikuwapo, nani anabisha, lakini uliketi nao ukiwa umekula na umelala. Ule mstari aliosema Madam unalia ni wa mtu aliyekunywa dawa yake.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kliniki ya Kajiado. Nilimuuliza nesi kama kweli kidonge kile kinaweza kutetemesha mkono. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha. "Ni hiyo dawa. Lakini si kuna ingine ya kutuliza hiyo kutetemeka? Ama daktari anapunguza. Alikuwa aseme tu." Alikuwa aseme tu! Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Wewe hukusema kwa sababu uliogopa watakuongezea dozi na kukulaza. Na mimi niliyekusindikiza miaka yote sikusema kwa sababu sikuwahi kuingia. Nilikuwa nakungoja nje, ng'ambo ya lango, nikijifanya nanunua ndizi, ili mtu wa kanisa letu asije akaniona nimeketi na wagonjwa wa kichwa.

Hapo juu nimeandika kwamba siku za kazi uliacha kumeza. Nimeisoma tena hiyo sentensi na naona bado nadanganya. Hukuacha. Niliyekuachisha ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na kitabu cha kazi, mimi ndiye niliyesema, "Fundi, kesho tuko na kanisa, acha hiyo kitu leo tu." Leo tu. Sijui niliisema mara ngapi, na kila mara niliona ni kwa faida yetu wote. Na ile kazi ya mwisho, ukuta wa supermarket, siku tano mfululizo juu ya ngazi, siku ya tatu ulishuka umechoka ukaniambia, "Consi, andika wewe. Mimi nichanganye rangi." Nilikuwa nimeshaweza. Herufi zangu zilikuwa zimenyooka, wewe mwenyewe ulizisifu. Nikakataa. Nilisema mwenye supermarket anamtaka fundi mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa kupanda juu pale barabarani na wanaume chini wakitoa maoni. Nilivumilia wewe usilale siku tano, lakini sikuweza kuvumilia kuangaliwa. Siku ya sita asubuhi hukuja kazini, na kabla ya saa sita mtu wa kutoka Isinya akaleta habari za lori.

Nimeandika. Sasa unajua kwamba najua.

Madam nilimpigia kwa simu ya kibanda, nikamweleza viduara. Akasema, "Consolata, watu hawaji kuangalia picha za mtu aliyepona." Nikamwambia wewe hukupona, ulikuwa unatibiwa, na ni vitu viwili tofauti. Alisema atafikiria kubadilisha karatasi. Simwamini. Gari lake lilikuja likarudi tupu, na komeo hili unalolisikia nililinunua siku hiyo.

Lakini aliyenikosesha raha si Madam. Ilibidi nimwambie Naserian, na sikuweza kumwambia habari za viduara bila kumwambia ni nani aliyevifanya vitupu.

Jumamosi iliyopita nilifunga mbao mbili ndani ya shuka, ng'ombe saba na sampuli ya kanisa, nikaenda Bissil. Koko alinisalimia, "Sopa," akaona shuka, akajua, akaenda kuketi kwa jirani ili asisikie unatajwa. Nilimgeuzia Naserian mbao zote mbili. Anajua kusoma haraka, huyo. Aliangalia tarehe, akaangalia kitabu changu cha kazi, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa mgongo wa ng'ombe wa tatu. Kisha nikamweleza, leo tu, lango la kliniki, ngazi, yote, na sauti yangu ilikuwa inakatika kama redio.

Akafunga kitabu changu cha kazi. "Kwa hivyo Aunty, ni wewe."

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Alitoka nje, nikamsikia akitembea kuzunguka zizi, mara moja, mara mbili. Nilibaki pale nikifikiri nimekupoteza mara ya pili, kwamba atachukua hasira yake aende nayo barabarani. Nilitaka kumfuata, nikaona si haki yangu. Aliporudi alikuwa na kikombe cha maji. Akauliza kitu kimoja tu. "Na mkono ikianza?" Nikamwambia kuna dawa ya huo mtetemeko, kwamba tutaenda Kajiado pamoja, nitaingia mpaka ndani na nitaketi benchi, na tutasema. Akachukua kidonge akameza. Kisha akafungua mdomo, akainua ulimi, akanisogelea karibu kabisa na uso, kwa dharau iliyo sawa kabisa na yako. "Angalia basi. Si ndio umekuja kufanya."

Ningependa kukuambia kwamba nilikataa, kwamba nilimwamini. Niliangalia, Fundi. Niliangalia chini ya ulimi, nikaangalia na mashavuni.

Hajanisamehe. Aliniambia hivyo nikiondoka, kwa upole, kama mtu anayekueleza njia. Na sijui kama leo amemeza, wala kesho. Naanza kuelewa kwamba hivi ndivyo nitakavyoishi sasa, nikishuku kila siku mpaka nifike kwake.

Olesere, kwaheri, Fundi wangu. Pumzika na ng'ombe wako, na kama wanalia huko, walie karibu uwaone. Naogopa kukuahidi kwamba nitamponya binti yako, kwa sababu siwezi. Nakuahidi kwamba nitakwenda Bissil kila Jumamosi, na nikifika nitamuuliza amelala vipi na amekula nini. Sitamuuliza amechora nini.

Mwanafunzi wako,
Consolata